Spea za Klachi, Giaboksi, Propela na Difu kwa Land Cruiser na Land Rover za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye magari na mafundi wa Arusha na Moshi. Yanahusu zaidi Land Cruiser za 70 zenye injini ya 1HZ (HZJ75, HZJ78, HZJ79), Land Cruiser 80, na Land Rover Defender za Tdi. Gari la watalii linalopanda Ngorongoro na gari la shamba linaloshusha ndizi kutoka Kibosho yanaua spea kwa namna tofauti, na pale tofauti hiyo inapobadili jibu tumesema. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, tumekuelekeza huko.

## Kulijua gari kabla ya kutoa hela

Nianzie wapi kabla ya kwenda dukani?

Anza na gari lenyewe. Kwenye Toyota, tafuta bamba la chuma ndani ya boneti. Lina mistari ya modeli, injini, namba ya chesisi, rangi, na mstari ulioandikwa TRANS./AXLE. Mstari huo wa mwisho ndio unaokuhusu: unataja giaboksi na ekseli vilivyofungwa kiwandani. Piga picha bamba zima, siyo namba ya chesisi peke yake. Namba ya chesisi imegongwa pia kwenye fremu upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Safisha matope uisome, ulinganishe na bamba.

Baada ya hapo chukulia kwamba bamba linaeleza gari lilivyozaliwa, na huenda leo liko tofauti. Gari la miaka 25 limeshabadilishwa vitu. HZJ75 inaweza kuwa na giaboksi ya gari lililopata ajali, difu la mbele la gari lingine na ekseli ya nyuma iliyotoka Dubai. Kwa hiyo kila spea utakayonunua ithibitishwe kwa kipimo cha kile kilichomo sasa: idadi ya meno, idadi ya splaini (mifereji ya kwenye shafti), kipenyo, na nafasi za matundu ya bolti. Venia ya kawaida (kifaa cha kupimia kipenyo) na kalamu vitakuokolea pesa nyingi kuliko kubembeleza bei.

Kadi ya gari haitoshi?

Haitoshi. Kadi inataja aina ya gari na ukubwa wa injini. Haisemi uwiano wa difu wala aina ya giaboksi, na haijui kilichobadilishwa gereji.

Namba ya spea ya Toyota inasomwaje?

Namba kamili ina tarakimu kumi, tano kisha tano, na katikati kuna kistari. Tano za kwanza zinataja ni kitu gani, na tano za pili zinataja ni cha gari gani au cha ukubwa gani. Baadhi ya mianzo inafaa uikariri: 31250 ni pleti ya klachi, 31210 ni presha pleti, 31230 ni beringi ya klachi, 04371 ni krosi (kiungo cha msalaba) ya propela, 41201 ni krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu), 90311 ni oili sili, na 90368 ni beringi za rola za mshazari.

Faida yake ni hii: muuzaji akikuletea boksi lenye mwanzo usiolingana na kitu ulichoomba, hilo si lako hata kama picha inafanana. Mwanzo ukilingana, bado hakiki tano za pili.

Nitajuaje uwiano wa difu bila kulifungua?

Kwa difu la kawaida lisilo na loki wala LSD (mfumo unaozuia gurudumu moja kuteleza peke yake), fanya hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare, kinga magurudumu matatu kwa mawe au vigingi, giaboksi iwe nyutro.
2. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake usiiamini.
3. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye flanji ya propela.
4. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mtu wa pili akihesabu mizunguko ya propela.

Kwa kuwa gurudumu moja limesimama chini, mizunguko miwili ya lile la juu ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni. Propela ikizunguka mara 4 na zaidi kidogo ya sehemu ya kumi, una 4.11 au 4.10. Ikikaribia 3.9 bila kuivuka sana, una 3.91, yaani meno 43 ya krauni kwa 11 ya pinioni. Ukitaka uhakika zaidi, zungusha tairi mara 20 kisha gawa hesabu ya propela kwa kumi.

Kwa ekseli ya mbele, funga habu (vitovu vya magurudumu) kwanza kwenye LOCK, la sivyo utazungusha tairi bure. Defender ina breki ya mkono nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma) na inashika propela, hivyo lazima iachiwe. Hapo ndipo kukinga magurudumu kunapokuwa suala la uhai. Kwenye Defender na Land Cruiser 80 zenye fowili ya muda wote, hakikisha loki ya difu la kati imetolewa.

Difu likiwa chini tayari, hesabu meno. Gawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni: 37 kwa 9 ni 4.11, 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.56. Mara nyingi hesabu hii imeandikwa kwenye uso wa krauni.

Kwa nini difu la mbele na la nyuma lazima vilingane?

Hili ndilo kosa linalovunja transfa nyingi kuliko matope. Kwenye Land Cruiser ya 70, ukiingiza 4H (magurudumu yote manne) propela mbili zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawa. Chukua gari lenye matairi ya 7.50R16. Kila kilomita moja gurudumu linazunguka takriban mara 394. Difu la 4.11 linataka propela izunguke kama mara 1,620, na difu la 3.9 linataka kama mara 1,540. Tofauti ya mizunguko 80 kwa kilomita haina pa kwenda. Kwenye matope, tairi linateleza na hujui kitu. Kwenye barabara ngumu ya murram au lami, mvutano unabaki ndani ya shafti mpaka kitu kikubali: krosi, sivi (kiungo cha shafti kwenye gurudumu la mbele), jino la transfa, au cheni ukiwa na transfa ya cheni.

Dalili zake ni usukani kuwa mzito ukiwa 4H, mti wa transfa kukataa kurudi 2H (magurudumu mawili) mpaka urudi rivasi, na matairi ya mbele kulika haraka. Mtu aliyenunua difu la nyuma la kutumika halafu akaona dalili hizi apime uwiano leo, asingoje safari.

Tofauti ya 4.10 mbele na 4.11 nyuma isikutishe. Toyota yenyewe imefunga hivyo kwenye gari zenye difu dogo la mbele la inchi 8 na la nyuma la inchi 9.5.

## Orijino, kampuni nyingine, feki na za kutumika

Lazima ninunue ya boksi la Toyota au Land Rover?

Si kwa kila kitu. Toyota haitengenezi beringi zake zote wala klachi zake zote. Beringi za Koyo, NSK na NTN, klachi za Aisin na Exedy, na sili za NOK zinatoka kwa viwanda vinavyolisha viwanda vya magari. Kwa hizo, boksi la kampuni yenyewe ni chaguo zuri na mara nyingi ni nafuu. Kwa Land Rover, sili za Corteco na klachi za Borg & Beck, LuK au Valeo ziko katika kundi hilo.

Vitu ambavyo tungekushauri usibanebane pesa ni krauni na pinioni, ringi za sinkro (zinazolainisha kuingia kwa gia), na bushi ya kubonyea ya pinioni (inayobonyea nati ikikazwa ili kuweka mkazo wa beringi). Krauni ya bei ya chini huja ikiwa na meno yaliyochongwa vibaya. Utaipanga siku nzima, alama ya mguso isikae katikati, na hatimaye itaanza kulia kabla hujafika Karatu.

Beringi feki nitaitambuaje?

Itazame bila haraka, ukiwa na ile ya zamani mkononi. Maandishi ya kiwanda yamechongwa kwa usafi, herufi zina nafasi sawa, na namba ya kwenye koni inaendana na ya kwenye kikombe. Feki mara nyingi ina maandishi mepesi yanayofutika kwa ukucha ukitia petroli kidogo, kingo zisizosuguliwa, na rola zenye kung'aa kusikolingana. Izungushe ikiwa kavu: ikikwaruza ikiwa mpya, irudishe.

Usichanganye koni mpya na kikombe cha zamani. Beringi za rola za mshazari hubadilishwa zikiwa pamoja. Kikombe cha zamani kina njia ya rola nyingine, na beringi mpya itakufa mapema juu yake.

Dai risiti ya EFD na muuzaji aandike namba ya spea juu yake, siyo neno "beringi" tu. Siku ya kurudisha, namba ndiyo inayoongea.

Nifuate Nairobi, Dar es Salaam, au ninunue hapa?

Vitu vinavyoisha kila mara, kama krosi, sili, beringi za habu na klachi ya 1HZ, vinapatikana Arusha na Moshi na huna sababu ya kusafiri. Gerezani na Kariakoo kuna uteuzi mpana zaidi wa giaboksi na madifu ya kutumika. Nairobi inasaidia hasa kwa Land Rover za zamani, lakini mzigo unaopita Namanga unapaswa kutangazwa forodha, na spea isiyofaa ni vigumu kuirudisha ng'ambo ya mpaka. Popote utakapoagiza, tuma picha ya spea ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula.

Giaboksi ya kutumika niikague vipi dukani?

Usinunue iliyokwisha kuoshwa na kupakwa rangi kama unaweza kupata yenye uchafu wake. Uchafu unaonyesha ilivuja wapi.

Fungua bolti ya kumwagia oili. Kama kuna sumaku, itazame: unga mweusi laini ni wa kawaida, ila vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Oili yenye chembe za dhahabu zinazometa ni shaba ya sinkro, na zikiwa nyingi giaboksi hiyo ilikuwa inakwaruza gia.

Shika shafti ya kuingilia, ivute na uisukume, kisha itikise juu na chini. Mchezo mdogo wa pembeni upo kwa sababu ncha yake inashikwa na beringi ya pailoti kwenye injini. Mchezo wa mbele na nyuma unaousikia ukigonga ni beringi iliyokwisha. Ingiza kila gia kwa mkono huku ukizungusha. Kila gia izunguke kwa ulaini na isiwe na sehemu moja inayokwama kila mzunguko.

Mwisho, hakiki kwamba ni yenyewe. HZJ zipo zenye H55F, zenye H151F na zenye R151F, na hazibadilishani bila kubadili vitu vingine. Linganisha idadi ya splaini za shafti, urefu wa shafti kutoka uso wa belihauzi (ganda la klachi), matundu ya belihauzi, na kama transfa iko upande ule ule.

Difu langu linalia. Ninunue difu zima la kutumika au krauni na pinioni mpya?

Sikiliza kwanza linavyolia. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kutoweka ukiachia, au kinyume chake, ni wa krauni na pinioni, au wa beringi ya pinioni iliyolegea ikaruhusu pinioni kusogea. Mlio unaobaki vile vile ukikanyaga au ukiachia, na unaobadilika ukikata kona, elekeza macho kwenye beringi za habu. Mtu amewahi kubadili difu zima kwa ajili ya beringi ya gurudumu.

Meno yakiwa mazima na beringi ndizo mbaya, badilisha beringi zote nne za difu na sili, upange upya. Meno yakiwa yamemeguka, difu zima la kutumika la uwiano ule ule ni njia ya haraka, kwa sharti mbili. Kwanza, hesabu meno mwenyewe (tazama "Nitajuaje uwiano"). Pili, lifungwe likiwa kichwa kizima jinsi lilivyotoka kwenye gari la kwanza, bila kuvunjwa. Krauni na pinioni zimesuguana pamoja kiwandani na barabarani. Krauni ya difu moja na pinioni ya lingine, hata zikiwa na meno sawa, hazitaelewana.

Krauni mpya inahitaji fundi mwenye saa ya kupimia mchezo (dial gauge). Kwenye difu la nyuma la inchi 9.5, mchezo kati ya krauni na pinioni ni milimita 0.15 hadi 0.20. Kwenye la mbele la inchi 8 ni 0.13 hadi 0.18. Pima sehemu tatu au nne kuzunguka krauni, kisha paka rangi kwenye meno na usome alama: upande wa kuvuta, alama ikae katikati ya jino. Fundi akikuambia anapima mchezo kwa kidole, tafuta mwingine.

Baada ya kufunga, safari ya kwanza iwe fupi, kilomita 25 hadi 30 kwa mwendo wa wastani, kisha uache lipoe kabisa. Usivute trela wala kupakia sana kwa kilomita 800 za mwanzo. Halafu mwaga oili yote uweke mpya, kwa sababu ile ya kwanza imebeba unga wa chuma.

Krauni ya nyuma inaweza kufungwa mbele?

Kwenye madifu ya mbele yenye pinioni iliyo juu ya mstari wa ekseli, hapana. Meno yake yamekatwa kwa mwelekeo wa kinyume.

## Klachi

Nibadilishe pleti peke yake?

Kazi kubwa ni kushusha giaboksi. Ukishaishusha, kubadili pleti peke yake ni kujitafutia kushusha tena. Seti ni pleti, presha pleti, beringi ya klachi na beringi ya pailoti. Juu ya hayo, kagua oili sili ya nyuma ya injini na sili ya shafti ya giaboksi. Sili inayotoa jasho leo italowesha pleti mpya kesho, na pleti iliyolowa oili haioshwi ikarudi kuwa nzima.

Flaiwili yenye madoa ya buluu au nyufa ndogo za joto ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Yenye nyufa zinazoingia ndani ibadilishwe.

Hesabu splaini za pleti ya zamani na upime kipenyo kabla ya kununua. Pleti za 1HZ zinafanana kwa macho, ila idadi ya splaini inategemea giaboksi iliyomo.

Klachi inateleza au haitoi vizuri. Ni pleti?

Kuteleza na kutotoa ni ugonjwa tofauti. Injini ikipanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo, hasa mlimani, ni pleti au presha. Gia zikikwaruza kuingia hasa rivasi, na pedali ikiwa laini, angalia kwanza masta silinda na silinda ya chini. Zivue buti uone kama kuna unyevu. Mwaga mafuta ya klachi ya zamani, toa hewa, kisha ujaribu tena. Kazi hiyo ni ya saa moja, na kushusha giaboksi ni ya siku nzima.

Kelele inayokuja ukikanyaga pedali ni beringi ya klachi. Kelele inayotoweka ukikanyaga ni beringi ya shafti ya kuingilia ya giaboksi.

## Giaboksi na transfa

Niweke oili gani?

Difu lina meno yanayosuguana kwa nguvu kubwa, na linataka oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida 80W-90 au 85W-90. Giaboksi yenye ringi za shaba ni salama zaidi na GL-4 ya 75W-90, isipokuwa kitabu cha gari kimeruhusu GL-5. Viungo vya GL-5 vinavyolinda difu vinaweza kushambulia shaba ya sinkro, na utelezi wake unafanya gia zichelewe kushikana. Oili ya dumu lisilo na lebo haijulikani ni ipi kati ya hizo, kwa hiyo iache.

Difu lenye LSD linahitaji oili iliyoandikwa LSD. Ukiweka ya kawaida, litatetemeka na kunguruma kwenye kona.

Land Rover ina mambo yake: giaboksi za LT77 hutumia ATF nyekundu (oili ya giaboksi za otomatiki), transfa ya LT230 hutumia EP90 (oili ya gia). R380 hutumia ATF au oili maalumu ya giaboksi. Usiweke oili nzito ya difu humo, gia zitagoma asubuhi za baridi za Usa River.

Fungua tundu la kujazia kwanza, kabla ya la kumwagia. Ukimwaga oili kisha ukakuta tundu la kujazia limeshika kutu, gari limelala hapo. Jaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu, gari likiwa tambarare, na uweke washa mpya.

Giaboksi inapungua oili lakini hakuna mvujo chini. Inaenda wapi?

Angalia transfa. Sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikifa, oili inahamia transfa bila tone kuonekana nje. Hili linajulikana kwenye Land Cruiser za 70 na 80. Fungua tundu la kujazia transfa: oili ikimwagika kwa wingi, umepata jibu. Giaboksi ikiendeshwa hivyo itaua beringi zake kwa ukavu. Kwenye Land Rover kuna msaada wa rangi: EP90 ya transfa ikianza kuwa nyekundu, ATF imehamia.

Transfa ya Discovery inaingia kwenye Defender?

Zote ni LT230 na zinafunga. Tatizo ni uwiano. Ya Defender kwa kawaida ni 1.41 kwenye gia ya juu, na ya Discovery ni takriban 1.22. Kila gia itakuwa ndefu kwa zaidi ya asilimia 15. Kwenye lami ya Moshi hadi Same utafurahi. Ukiwa na mzigo kwenye mpando wa Machame utashuka gia moja zaidi kila mahali, na klachi ndiyo italipa. Kwa gari la kazi, tafuta ya 1.41.

Defender inagonga ninapoachia na kukanyaga mafuta. Krosi ni nzima. Ni nini?

Tazama splaini za shafti kuu ya giaboksi mahali zinapoingia kwenye gia ya transfa. Kwenye gari za zamani, gia hiyo haikuwa na tundu la kupitisha oili, splaini zikakauka na kulika. Fungua kifuniko cha nyuma cha LT230 uone ncha ya shafti na gia, na upime mchezo kwa kuizungusha mbele na nyuma. Ukibadili, nunua gia yenye matundu ya oili. Splaini za shafti zikiwa zimekuwa nyembamba kama wembe, gia mpya peke yake haitadumu.

## Propela

Nitajuaje ukubwa sahihi wa krosi?

Pima mambo mawili kwa venia: kipenyo cha kikombe, na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Kisha angalia klipu zinashika ndani au nje. Tofauti ya nusu milimita inatosha kulegea au kukataa kuingia. Nunua zenye nipo ya grisi ikiwa gari linapita maji na vumbi.

Bolti za flanji za propela ni za chuma kigumu. Bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi hukatika, na propela ya mbele ikianguka upande wa mbele ukiwa mwendoni inaweza kuchomeka ardhini.

Propela inatetemeka baada ya kutengenezwa.

Mara nyingi fundi aliitenganisha kwenye splaini akairudisha bila kufuata alama. Masikio ya pande mbili za shafti moja kwa kawaida hukaa kwenye mstari mmoja. Itoe, isogeze, jaribu tena kabla ya kununua chochote. Kama masikio yako sawa, angalia uzani, propela iliyopinda, na mchezo wa splaini.

Piga grisi mpaka itoke kwenye sili zote nne za krosi. Ikitoka tatu tu, kikombe cha nne ni kikavu.

## Ekseli ya mbele na habu

Kuna supu nyeusi inavuja kwenye mpira wa usukani wa mbele. Nibadilishe nini?

Supu ni grisi ya sivi iliyochanganyika na oili ya difu. Chanzo ni oili sili ya ndani, mwisho wa bomba la ekseli. Ukibadili ile ya nje pekee, itavuja tena. Nunua seti kamili ya upande mmoja yenye sili, gasketi na ringi za kufuta, na uongeze sili ya ndani kama haimo. Kabla ya kuweka sili mpya, pitisha kidole mahali inapokaa kwenye shafti. Kama kuna mfereji, sili mpya haitashika.

Ukiwa ndani, osha sivi yote na uweke grisi mpya yenye molibdeni. Angalia bushi ya shaba ndani ya spindo, kwani inasahaulika sana na ikilika shafti inacheza na kuua sili.

Sivi inagonga kwenye kona. Inaweza kuokolewa?

Kama mlio ni mdogo, hamisha sivi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia. Njia za mipira zimelika upande wa kwenda mbele, na ukizihamisha unatumia upande wa pili. Hii inasaidia kwa muda. Kumbuka shafti za ndani za kulia na kushoto zina urefu tofauti, kwa hiyo unahamisha sivi, siyo shafti nzima. Kama kengele (ganda la nje la sivi) imepasuka, nunua mpya, na uhesabu splaini za nje na za ndani, na uone kama gari lako lina ringi ya ABS.

Habu zikazwe kiasi gani?

Kwenye ekseli ya mbele ya Land Cruiser 80, nati ya ndani hukazwa hadi Nm 59 huku habu ikizungushwa pande zote mbili, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena kidogo. Baada ya hapo, funga mizani ya springi kwenye bolti ya gurudumu na uvute: habu ianze kuzunguka kwa kilo 2.8 hadi 5.6. Kisha nati ya nje Nm 64 na ukunje washa. Kukaza kwa nyundo na patasi kumekuwa mazoea, lakini beringi iliyokazwa kupita kiasi hupata moto na kushika kabisa katikati ya mbuga.

Niache habu za mbele zikiwa FREE mwaka mzima?

Hapana. Mara moja kwa mwezi funga LOCK, ingiza 4H kwenye barabara ya udongo, na uende angalau kilomita 16 ili oili ipande kwenye sehemu za juu.

## Hali za pekee

Gari langu la watalii limerefushwa. Spea za propela zinabadilika?

Krosi na flanji hazibadiliki. Urefu wa bomba ndio unabadilika, na wengine wameweka propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati. Andika urefu wako mwenyewe, kati ya uso wa flanji na uso wa flanji, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bomba lililounganishwa kwa kuchomelea lazima lisawazishwe kwa mashine. Beringi ya katikati huuawa na vumbi la mawimbi ya barabara ya Naabi, hivyo weka ya akiba kwenye gari.

Nimeweka matairi ya 285/75R16. Nibadilishe difu?

Tairi hilo lina kipenyo cha takriban milimita 834, dhidi ya 804 za 265/75R16. Ni ongezeko la karibu asilimia 3.7, na 4.11 yako inafanya kazi kama 3.96. Kwa gari la mzigo mwepesi, vumilia. Kwa gari linalobeba watu wanane kila siku, 4.30 inarudisha hali ilivyokuwa na kuzidi kidogo. Lazima ubadilishe mbele na nyuma siku ile ile.

Gari lilizama kwenye maji mpaka katikati ya milango. Nifanye nini?

Difu lenye moto likiingia kwenye maji ya baridi linapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia sili. Siku hiyo hiyo, legeza bolti ya chini ya kila difu, giaboksi na transfa. Maji hukaa chini na yatatoka kwanza. Oili ikiwa ya maziwa, mwaga yote, weka ya bei nafuu yenye daraja sahihi, endesha kilomita chache, mwaga tena, kisha weka ile ya kudumu. Fungua habu za mbele na uangalie grisi.

Halafu tafuta vipumulio vya madifu. Vya asili viko chini sana na mara nyingi vimeziba kwa udongo. Ondoa, unganisha mpira wa mafuta hadi ndani ya boneti, na ufunge kichungi kidogo mwishoni.

Sili ya pinioni inavuja. Naweza kuibadili bila kupanga difu upya?

Unaweza, kwa uangalifu. Kabla ya kulegeza nati, weka alama kwenye nati, pinioni na flanji, na uhesabu mizunguko ya kuitoa. Kagua flanji mahali sili inapogusa. Rudisha nati hadi alama zile zile, na usizidishe hata robo mzunguko. Difu lenye bushi ya kubonyea likikazwa kupita alama, bushi imebonyea moja kwa moja na beringi za pinioni zitapata mkazo mkubwa. Kulegeza nati baada ya hapo hakurudishi kitu. Hapo unahitaji bushi mpya na kupima mkazo upya kwa spana ya torki ndogo.